Hapana ya Tatu ya Arvid Haugsrud

Katika kaunti ya Garnet, ukimkaribisha mtu kahawa atakwambia hapana. Mkaribishe tena, atasema usijisumbue. Ukimkaribisha mara ya tatu atasema haya, nusu kikombe tu, kisha atamaliza birika na keki juu yake. Hao ni watu wa kaskazini ya kaunti, wajukuu wa Wanorwei. Sisi wa kusini, ambao babu zetu walikuwa Wajerumani waliotokea Urusi, tukisikia harufu ya kahawa tunavuta kiti. Nimenunua na kuuza matrekta kuukuu pande zote mbili, nikianzia na jembe moja lililojaa kutu, na kama kuna elimu niliyoipata ni hii: kwa mtu wa kaskazini, hapana mbili za kwanza ni adabu tu. Hazina bei. Unangoja ya tatu, na ya tatu huwa si hapana.

Arvid Haugsrud alikuwa mtu wa kaskazini hasa. Mrefu, mikono mipana kama sepetu, maneno machache, na uso uliokuwa ukiiva mwekundu kila alipotazamwa na watu zaidi ya wawili. Aibu yake hakuitafuta mwenyewe. Aliirithi, kama wengine wanavyorithi ng'ombe.

Hapo zamani, kabla ya reli kufika huku kwetu Dakota, Marekani, makao makuu ya kaunti yalikuwa Nordvik. Kulikuwa na jumba la mahakama la mbao, maduka, mhunzi, na ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani, kanisa la Kilutheri lenye mnara mweupe. Clement kilikuwa kijiji cha wajanja wachache waliokwisha kununua viwanja na kuketi kungojea bei ipande. Kila mtu alijua reli itapita penye mahakama. Fununu zikafika Nordvik kwamba watu wa Clement wanataka kuiiba mahakama. Si karatasi zake, jengo zima. Wakacheka, lakini wakaweka mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa Tarald Haugsrud, babu wa baba yake Arvid, naye akapewa bunduki na blanketi.

Jumapili moja ya Januari, theluji imefika magotini na Nordvik yote iko kanisani. Wachungaji wa enzi zile walijua kuanza mahubiri, kumaliza hawakujua. Huku kinanda kinavuma, watu wa Clement wakaja na farasi wao, wakalinyanyua jengo kwa jeki, wakalipandisha juu ya magogo ya kuteleza, wakalikokota juu ya theluji kama sanduku. Tarald alikuwa ndani, amelala. Kaunti nzima husema alikuwa amelewa. Alipoamka, jengo lilikuwa limeshasimama Clement. Akafungua mlango, akatazama ng'ambo ya barabara, akawauliza watu asiowafahamu waliokuwa wakimcheka: "Kanisa limekwenda wapi?"

Ikawa basi. Jaji alisema mahakama ni pale jengo lilipo. Reli ikaifuata mahakama, benki ikaifuata reli, kiwanda cha siagi kikaifuata benki. Nordvik ikanywea kama kiriba kilichotobolewa. Leo ukipita huko utaona ghala refu la nafaka lililofungwa, makaburi, na lile kanisa. Na ukimkuta mtu wa Garnet amepotea njia au amesahau alichoendea dukani, mwenzake atamwuliza kanisa limekwenda wapi, na wote watacheka, kaskazini na kusini.

Wana wa Haugsrud walikuwa wakicheka pia. Wangefanyaje?

Wengine walihamia magharibi. Tawi la Arvid lilibaki palepale, likalima mahindi na soya na kufuga bata mzinga, umbali wa kutembea kutoka kanisani. Arvid alikua huku akiulizwa shuleni, "Haugsrud, umelala?" kila anapochelewa kujibu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: sisi tuliona ni utani wa kawaida, yeye akaujengea maisha. Hakuonja pombe, hata bia ya mavuno. Alipokuwa jeshini aliomba zamu za ulinzi ambazo wenzake walizikimbia. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, mahubiri yote, ili mtu asije akamwona amefumba macho. Mkewe Solveig aliniambia siku moja, mimi nikipima matairi ya trekta lao, "Lenz, mume wangu hajawahi kusinzia kwenye kiti sebuleni. Hata akiwa mgonjwa huenda chumbani akafunga mlango." Alilisema kama mtu anayetaja kasoro ya mashine kabla hujainunua. Nilimheshimu kwa hilo.

Kisha ikaja ile miaka ya themanini, mazao hayana bei, benki zinachukua mashamba. Mimi nilipata sana miaka ile. Wanaouza walikuwa wengi. Lakini Clement yenyewe ilikuwa inakufa. Kiwanda cha siagi kilifungwa, duka la viatu likafungwa, hoteli ikawa na popo. Baba yake Marlys Bruhn, mtu wa bima na mwenye kichwa, akasema mji usio na kitu cha kuuza uuze hadithi yake. Akabuni Siku za Kuburuta. Kila Juni wangejenga mahakama ndogo ya mbao, waiburute barabara kuu, na watu walipe kuja kuona. Chapati za viazi za Kinorwei upande huu, soseji zetu upande ule, ngoma za shaba katikati. Na ndani ya jengo alale Haugsrud wa kweli, amevaa kanzu ya kulalia na kofia yake, na wakifika mbele ya mahakama aamke, afungue mlango, aulize swali lake.

Wakaenda jikoni kwa Arvid, watatu, na keki. Sikuwapo, lakini mwenyewe alinieleza miaka mingi baadaye, tukiwa chini ya mashine ya kuvunia iliyokataa kuwaka, mahali ambapo mtu anaweza kusema bila kutazamwa.

"Wakaniuliza. Nikasema hapana."

"Enhe."

"Wakaniuliza tena. Nikasema tafuteni mtu mwingine."

"Na ya tatu?"

Alikaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

"Ya tatu nilitazama keki. Ilikuwa imeshakatwa. Nikasema, kama kweli hamna mwingine."

Mimi mtu wa kusini nilitaka kucheka. Kwetu mtu akikataa mara moja unachukua kofia yako. Lakini kwao, kukataa mara ya tatu ni kumpiga mtu kofi mbele ya watu. Hapana zake zilikuwa za kweli zote mbili, na zilipita mezani kama hapana za kahawa. Wale watatu waliondoka wakisema Arvid ni mtu muungwana, na anaipenda shughuli.

Akalala humo kila Juni, zaidi ya miaka thelathini. Mwanzoni walimburuta na farasi, baadaye na trekta ambalo nililikodisha mimi. Watu walimpigia kelele njiani: "Haugsrud, mkeo anakutafuta!" "Mletee mto!" "Amka baba, Nordvik wameshatoka kanisani!" Akifika aliamka, akauliza, umati ukalipuka, yeye akatabasamu huku shingo ikimwiva mpaka kolani. Siku za Kuburuta ziliiokoa Clement, nasema bila kupepesa. Hoteli ilipakwa rangi. Makumbusho yakajengwa. Wawindaji wa ndege waliokuja Oktoba walianza kuja na Juni pia. Mwaka aliokufa Solveig, alizikwa Mei, na Juni Arvid akalala ndani ya kile kibanda kama kawaida. Hakuna aliyemwuliza kama ataweza. Walimpa mkono, wakampa pole, wakampa kofia.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Kanisa la Nordvik lilibaki na watu wa kujaza mabenchi mawili ya mbele. Paa linavuja, mchungaji anakuja mara moja kwa mwezi, na dayosisi imeandika kwamba jengo liuzwe au livunjwe, ila waumini wenyewe wakiamua kulitunza. Waumini wenyewe walikuwa wazee, nao wakasema Arvid ndiye mwenye funguo, Arvid aamue. Hapo ndipo Marlys aliponipigia simu. Baba yake alikuwa ameshafariki, na sasa yeye ndiye mwenyekiti wa Siku za Kuburuta, mwanamke mchangamfu asiyeweza kukaa kitini bila kusogeza kitu.

"Lenz, una tela la kubebea nyumba?"

"Ninalo. Inategemea nyumba."

"Kanisa la Nordvik."

Sikusikia uchungu. Nilikuwa napiga hesabu ya upana wa daraja.

"Tunalinunua, tunalileta Clement, tunaliweka ng'ambo ya mahakama kama tawi la makumbusho," akasema. "Paa jipya, joto, kila kitu. Na tunalileta siku yenyewe ya sherehe, Lenz! Na Arvid amelala ndani! Anafika, anafungua mlango, anauliza kanisa limekwenda wapi, na yuko ndani yake! Unaona?"

Niliona. Ilikuwa biashara nzuri. Jengo lisilo na paa ni kuni, na hapa palikuwa na mnunuzi aliye tayari kuliezeka. Nikamwambia nitakuja kulipima, na kwamba siku ya sherehe tela lina bei yake.

Tulikwenda kwa Borghild, shemeji yake Arvid, mjane wa kaka yake, maana jikoni kwa Arvid tangu mkewe afe hapakuwa na kitu cha kumwekea mgeni. Borghild ni mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi kwa mtu wa kaskazini. Alikuwa ametandika kitambaa, amepanga vikombe vizuri, keki ya tufaha iko katikati. Arvid alikuja na shati la Jumapili siku ya Jumanne. Nikajua anajua tulichofuata.

Kahawa ikapita kwa utaratibu wake. Marlys akakataa mara mbili, akanywa. Mimi nikanywa. Kisha akaeleza yote, mikono inaruka, akichora kanisa hewani, akionyesha litakavyopita kwenye njia panda. Arvid alimsikiliza, macho kwenye kijiko.

"Ni wazo kubwa," akasema mwishoni. "Lakini hapana, sidhani."

Marlys akatabasamu. Borghild akamwongezea kahawa.

"Fikiria paa, Arvid. Majira mengine mawili ya theluji, na mnara utaingia ndani. Si afadhali liwe mahali penye watu? Mabenchi yaleyale, kinanda kilekile. Solveig angefurahi."

Uso wa Arvid ukaanza kuiva.

"Mmefanya vizuri kutufikiria," akasema. "Lakini hapana. Liacheni tu."

"Shemeji ana haya," Borghild akamwambia Marlys, kama anayetafsiri. "Kula keki."

Marlys akala kipande, akaweka uma, akanyoosha mgongo. Tuliokuwa pale wote tulijua kinachokuja. Ya tatu ndiyo iliyokuwa imemleta mezani; zile mbili za mwanzo zilikuwa njia tu.

"Arvid, nakuomba. Kwa ajili ya kaunti. Unaonaje?"

"Hapana, Marlys."

"Vizuri sana!" Marlys akasema, na akapiga makofi. "Basi Lenz ataleta tela Ijumaa ya sherehe, ili Jumamosi asubuhi..."

"Marlys," nikasema, "amesema hapana."

"Nimemsikia. Lakini hii ni ya tatu."

"Hata ya tatu amesema hapana."

Akanitazama kama nimemvua nguo. Kisha akamtazama Arvid. Borghild alikuwa ameshika birika hewani, wala halikumimina wala halikushuka.

"Arvid?"

Yule mtu alikuwa mwekundu kama chuma cha mhunzi, jasho limemtoka juu ya mdomo. Nimewaona watu wakiuza shamba la baba yao kwa mnada. Hawakuwa na sura ile. Alizungumza na kijiko.

"Sitaki. Haugsrud alilala, mahakama ikaenda. Sasa mnataka Haugsrud alale tena, na kanisa liende, na mimi nimevaa ile kofia. Wamelala pale nje baba yangu, na mke wangu, na Tarald mwenyewe. Wataniona napita." Akapumua. "Na ile kanzu sivai tena. Sikuitaka hata mwaka ule baba yako alipokuja na keki."

"Lakini unaipenda," Marlys akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba alisema siku zote unaipenda. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," Arvid akajibu. "Mara mbili."

Marlys alianza kukusanya makombo ya keki kwa kidole, moja moja, kama aliyeambiwa asiache alama. Nilimwona akihesabu moyoni: zile Juni zote, zile picha ukutani makumbusho, Juni ya mwaka wa mazishi. Yeye ndiye aliyemvalisha kofia mwaka ule. Alisimama, akasema asante kwa kahawa, akagonga kiti, akatoka bila koti lake, na nje palikuwa na upepo wa Machi.

Borghild hatimaye akaweka birika chini.

"Aibu gani hii," akasema. "Mgeni mezani kwangu! Mimi nitauweka wapi uso huu Jumapili?"

"Samahani, Borghild."

"Na nani alikwambia sisi wengine hatutaki paa? Umeniuliza mimi? Nimekaa kwenye lile benchi na ndoo miguuni majira yote ya baridi!"

Hilo hakuwa amelifikiria. Nililiona likimwingia. Alikuwa amekusanya ujasiri wa maisha yake yote kwa neno moja, na neno lenyewe likawa limekanyaga watu wengine. Alichukua kofia yake, akalichukua na koti la Marlys, akasimama nalo mlangoni kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake, maana gari la Marlys lilikuwa limeshatoka barabarani.

Habari ilifika Clement kabla yangu. Kwenye mgahawa walikuwa hawazungumzi kitu kingine. Hawakumkasirikia, ingekuwa nafuu. Walimwonea haya. "Mara ya tatu?" wanaulizana kwa sauti ya chini, kama wanazungumzia ugonjwa wa mahali pasipotajwa. "Kavukavu hivyo? Na keki ipo mezani?" Mzee mmoja alisema labda ni ubongo, umri ule huanza hivyo. Mwingine akasema, "Jamani, lakini kama hakutaka tangu mwanzo..." akaacha hapo, akakoroga kahawa, na nikaona kila mmoja mezani pale akipekua kumbukumbu zake za kelele alizompigia. Aliyempigia kelele ya mto alikuwa amekaa kando yangu. Alilipa akaondoka.

Arvid hakuonekana mjini wiki nyingi. Mbegu alinunua kaunti ya jirani. Nilipokwenda kuangalia mashine yake kuukuu ya kupandia, aliyotaka kuiuza, aliniambia bei bila kubishana, jambo lililonitia wasiwasi, na nikamlipa zaidi kidogo ya nilivyokusudia, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

"Borghild anasemaje?" nikamwuliza.

"Hasemi."

"Na kanisa?"

"Nimemwuliza kila mmoja wao. Nyumba kwa nyumba." Alifuta mikono kwenye suruali. "Wawili wanataka liende. Borghild mmoja wao. Waliobaki wanasema nifanye ninavyoona. Ni yaleyale ya kaskazini, Lenz. Sijui wanataka nini."

"Ungewauliza mara ya tatu."

Hakucheka. Nami nilijuta kusema.

Mwezi Mei alikwenda mwenyewe ofisini kwa Marlys. Mlango unatazamana na wangu, na wakati ule nilikuwa naosha tela la farasi, kwa hiyo nilisikia. Alikuwa amebeba lile koti, limekunjwa vizuri, na sahani ya chapati za viazi iliyofunikwa kitambaa, ambazo nina hakika alizichoma mwenyewe, maana kingo zilikuwa nyeusi.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Kwa jinsi nilivyosema. Mbele ya watu."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi," Marlys akasema. "Sikulala wiki nzima. Baba yangu..."

"Baba yako aliuliza kwa adabu. Mimi ndiye niliyejibu kwa adabu."

Wakakaa wakitazama ile sahani.

"Kwa hiyo," Marlys akasema polepole, na mazoea ni kitu kibaya, "kuhusu kanisa... umebadili nia?"

"Hapana."

"Hiyo sasa ni ya ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu," Arvid akasema, na nilipochungulia, wote wawili walikuwa wekundu, lakini Marlys alikuwa akila chapati iliyoungua.

Siku za Kuburuta hazikusimama. Vyumba vilikuwa vimeshalipiwa, na Marlys ni binti wa baba yake. Alimchukua mwalimu wa mieleka wa sekondari, mtu mnene wa sauti kubwa, asiye na damu hata tone ya Haugsrud. Kanisa lilibaki Nordvik. Nilimwuzia Arvid mabati niliyoyatoa kwenye banda la nguruwe lililovunjwa, na mpaka leo naona alifanya biashara mbaya: jengo lililoezekwa mabati ya nguruwe ili wazee wa mabenchi mawili wasilowe. Ningechukua ofa ya Marlys. Lakini kanisa halikuwa langu, wala makaburi yake si yetu.

Jumamosi ya sherehe nilikuwa barabara kuu, nikilinda trekta langu lisiharibiwe na dereva wao, nilipomwona Arvid. Alikuwa amesimama mbele ya duka la mikate, katikati ya umati, mikono mifukoni. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuiona shughuli kwa nje. Nikaenda nikasimama naye. Watu wetu walimwona. Wakamwamkia kwa kichwa, wakatazama kwingine upesi. Nafasi ya kusimama ilibaki pande zote mbili zake, kama kwa mtu aliyefiwa.

Kibanda kikapita. Yule mwalimu alikuwa anakoroma mpaka unamsikia kuliko ngoma. Mbele ya mahakama akafungua mlango kwa teke, akajikwaa kwa makusudi, akauliza swali lake huku ameshika chupa. Chupa ilikuwa ya kwake mwenyewe; Arvid hakuwahi kushika chupa. Umati ukacheka sana kuliko miaka yote, nasema kweli. Nikamtazama Arvid. Alikuwa anawatazama wanaocheka, mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu.

Kando yetu kulikuwa na bwana mmoja mgeni, wa mji wa Omaha, na kamera yake. Akamgeukia mwanamke wa Clement aliyekuwa mbele yake.

"Huyo mlevi ni nani hasa?"

"Mwalimu wa mieleka," yule mwanamke akajibu.

"Sio huyo. Yule wa zamani, wa kweli."

"Ee, jina limenitoka. Mtu mmoja wa kaskazini. Limeandikwa makumbusho."

Niliona lilivyompiga. Maisha yote alikuwa amesimama nyuma ya kanisa, akidhani kila jicho la kaunti linalikumbuka lile jina. Na huyu, mzaliwa wa Clement, aliyecheka kila Juni, hakulijua. Damu ilimpanda Arvid usoni upya, nzito kuliko ya jikoni kwa Borghild. Nilidhani ataondoka. Hata mguu mmoja aliusogeza.

"Tarald Haugsrud," akasema.

Yule bwana akageuka. "Samahani?"

"Anaitwa Tarald Haugsrud. Ni babu wa baba yangu." Akatoa mikono mifukoni. "Kwetu husema hakuwa amelewa. Alikuwa amekesha na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, siku mbili, na Jumapili wakamwambia zamu ni yake. Hakukataa."

Yule mwanamke wa Clement alifunika mdomo kwa mkono. Bwana wa Omaha akatabasamu kwa upole, kama watu wanavyowatabasamia wazee.

"Kila familia husema hivyo, sivyo?"

"Labda," Arvid akasema.

"Na ng'ombe alipona?"

Hilo Arvid hakulitegemea. Alifikiri. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali lolote juu ya Tarald ambalo halikuwa utani.

"Ng'ombe alipona," akasema. "Ndama alikufa."

Yule bwana akasema pole, na nadhani alimaanisha, kisha akauliza soseji zinauzwa upande gani, na Arvid akamwonyesha. Nami nikamwacha hapo, maana dereva alikuwa anarudisha trekta langu nyuma bila kutazama. Nilipogeuka mara nyingine bado alikuwa amesimama mbele ya duka la mikate, uso unawaka, akitazamwa na yeyote aliyetaka kumtazama.